Kuachia Bila Kuchukia

Watu wengi wakisikia habari za waja waliomkaribia Mwenyezi Mungu kwa kuiacha dunia, humfikiria mtu aliyeuza kila alichonacho, akaacha mke na watoto, akakimbilia pangoni na kuvaa viraka. Mimi ninaandika haya nikiwa mjane, mama wa watoto na mchuuzi wa dagaa, niliyezaliwa Ujiji, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, na ninayeishi Ujiji, na katika maisha hayo ya kawaida, yenye madeni, ada za shule na samaki wa kugeuza juani, ndimo nilimojifunza jambo ninalotaka kuwasimulia wenzangu. Jambo lenyewe ni kwamba moyo hauachii kwa kukichukia kile ulichokishika. Huachia pale unapopata cha kupenda kilicho kikubwa zaidi, na mtu anayejitahidi kuichukia dunia hubaki anaishughulikia dunia ile ile usiku na mchana, ila kwa uso uliokunjamana.

Mji wetu ni mji wa zikri, yaani kumtaja Mwenyezi Mungu kwa kurudiarudia. Tarika ya Kadiria, yaani njia ya malezi ya kiroho inayonasibishwa na Sheikh Abdulkadir Jilani aliyefariki Baghdad mwaka 1166, iliingia bara kwa njia ile ile ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na sisi watoto wa Kimanyema tuliikuta ikiwa sehemu ya malezi yetu, pamoja na maulidi na hitima. Wazee walipenda kututajia Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, ambaye asili yake ilikuwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, akachukuliwa utumwani akiwa mdogo na kufikishwa Bagamoyo, kisha akawa mwanachuoni na kiongozi mkubwa wa Kadiria mpaka alipofariki mwaka 1931. Nilipokuwa msichana niliipokea habari hiyo kama fahari ya watu wetu. Siku hizi naisikia kwa namna nyingine. Mtu ambaye desturi ya wakati wake ilimhesabu kuwa mali ya mwenzake, asiyemiliki hata mwili wake, alikuja kuwafundisha waungwana na watumwa kwa pamoja kwamba Mwenye kuwamiliki wote ni Mmoja.

Sisemi kwamba utumwa ulikuwa neema. Ulikuwa dhuluma, na mababu zetu waliofungwa minyororo hawakuachia chochote kwa hiari yao, walinyang'anywa. Tofauti hiyo inahusu yote nitakayoyasema baadaye, kwa sababu kunyang'anywa si kuachia. Mtu anaweza kupokonywa kila kitu na moyo wake ukabaki umekikumbatia vile vile, na mwingine anaweza kuishi katika nyumba iliyojaa huku moyo wake ukiwa huru na kila kilichomo.

Katika chuo cha Qur'ani tulisimuliwa pia kisa cha Sheikh Abdulkadir alipokuwa kijana akisafiri kwenda Baghdad kutafuta elimu. Mama yake alimshonea dinari arobaini ndani ya nguo yake na kumwusia asiseme uongo. Wanyang'anyi waliuvamia msafara, na mmoja wao alipomwuliza ana nini, yeye alijibu waziwazi kwamba ana dinari arobaini na akaonyesha zilipo. Mwalimu wetu alikitumia kisa hicho kutufundisha kusema kweli, na ni haki yake, kwani ndivyo kinavyofundishwa kila mahali. Lakini nilipokuwa mtu mzima, baada ya kushika fedha za wengine na zangu, nilianza kujiuliza ni moyo wa namna gani unaoweza kusema kweli mbele ya mwizi. Mtu aliyeshikwa na dinari zake hawezi. Atasema uongo kabla hajajua kwamba amesema, kwa sababu hofu ya kupoteza hutangulia ulimi. Kijana yule hakuwa na cha kulinda, ingawa mfukoni alikuwa nacho, na ninaamini hapo ndipo ukweli wake ulipotoka.

Aliyenishika mkono katika njia hii alikuwa bibi mmoja mzee wa hapa Ujiji, ambaye ametangulia mbele ya haki. Alikuwa akituongoza wanawake katika uradi, yaani zikri iliyopangwa ya kusomwa kila mara, usiku wa kuamkia Ijumaa, ndani ya ua wa nyumba yake, chini ya mwembe. Hakuwa na maneno mengi. Nilipomwendea mara ya kwanza nikiwa nimefiwa na mume, nikamwamkia, nikamweleza kwamba nataka kuisafisha nafsi yangu na nimeshaanza kufunga siku nyingi na kuacha kula nyama, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ukiwa umesimama kwenye swala, anakujia nani?" Sikuelewa. Akafafanua kwamba mja anapoinua mikono na kusema Mungu ni Mkubwa, yako mambo yanayoingia moyoni bila kuitwa, na hayo hayaji kwa bahati. Yanakuja kwa sababu yana makao humo. Akanipa kazi: kila usiku kabla ya kulala niyakumbuke yale yaliyonijia ndani ya swala za siku ile, niyataje kwa majina yao, bila kuyalaani na bila kujilaani.

Kazi hiyo ni ndogo kuitaja na ni nzito kuifanya. Wasomi wa tasawufi, yaani elimu ya kuusafisha moyo, huiita muhasaba, yaani kuihesabu nafsi, na wameiandika kwa kina kuliko ninavyoweza. Ninachoweza kukisema ni yale niliyoyaona. Kwanza, vilivyonishika havikuwa vile nilivyodhani. Nyama niliyoiacha kwa mbwembwe haikunijia hata mara moja katika swala. Iliyonijia ilikuwa bei ya dagaa, sehemu yangu ya kuanikia iliyokuwa ufuoni, mwanangu wa pili aliyekuwa ng'ambo, na maneno ya watu, hasa maneno ya watu. Ningeweza kuendelea kuacha vyakula hadi kufa bila kuligusa hata moja kati ya hayo. Pili, kile nilichokitaja usiku kwa utulivu, bila ugomvi, kilikuja kesho yake kwa nguvu iliyopungua, na kile nilichokipiga vita kilirudi kikiwa kimekasirika. Sijui namna nyingine ya kuieleza hali hiyo.

Bibi alitufundisha kuanza uradi kwa kuomba msamaha, kisha kumswalia Mtume, kisha tahlili, yaani kusema hapana mungu ila Mwenyezi Mungu. Katika tahlili alituonya tusikimbie. Alitaka tuone kwamba kalima inaanza kwa kukanusha kabla ya kuthibitisha, kwamba mja anakiondoa kila kinachoabudiwa kwanza, ndipo ambakishe Yeye peke yake, na kwamba anayeruka kukanusha ili afikie kuthibitisha upesi huwa amebaki na miungu yake midogo pembeni. Basi katika kukanusha tulikuwa tunavipitisha vile tulivyovitaja usiku. Bei ya dagaa, hapana. Sehemu ya kuanikia, hapana. Maneno ya watu, hapana. Wala hatukuvifukuza kana kwamba ni najisi, maana dagaa ni riziki aliyoitoa Mwenyezi Mungu na ndiyo iliyowalisha watoto wangu. Tulikuwa tukivivua cheo tulichovipa bila kukusudia.

Kisha likaja jambo la ziwa. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga upande wa Kongo, na mvua zinapokuwa nyingi katika bonde lote, maji yanayoingia huzidi yanayotoka. Kuanzia mwaka 2020 maji yalipanda, na yaliendelea kupanda miaka iliyofuata, mpaka watu wa Kibirizi na wa sehemu nyingine za ufuo wetu wakahama nyumba zao. Sehemu yangu ya kuanikia, ambayo marehemu mume wangu aliisawazisha kwa mikono yake, akaizungushia matete na kujenga kibanda cha stoo, ilifikiwa na maji taratibu. Hayakuja kwa dharuba. Yalikuja kidogo kidogo, hivi kwamba kila asubuhi nilipata nafasi ya kutumaini tena, na nadhani huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe, kwa kuwa tumaini la namna hiyo humfanya mtu aendelee kushika wakati mkono umeshachoka.

Wenzangu wa ufuoni walisema ziwa limekosea njia. Bibi, ambaye wakati huo alikuwa hai bado, alitukumbusha habari za wazee wake, kwamba zamani maji ya Ujiji yalikuwa juu sana kuliko tulivyoyazoea. Na hilo ni kweli inayojulikana. Katika miaka ya 1870 ziwa lilikuwa limejaa mno, na Lukuga ilipozibuka baadaye katika muongo huo, maji yalishuka mita kadhaa na ufuo ukarudi nyuma, ndiyo maana mahali palipo kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapa mwaka 1871, leo pako mbali na maji. Kwa hiyo ardhi tuliyoiita yetu ilikuwa ardhi ambayo ziwa lilituachia kwa muda. Nilipolifahamu hilo nililia, lakini kilio changu kilibadilika. Mwanzo nililia kama mtu aliyeibiwa, kisha nikalia kama mtu anayerudisha amana kwa mwenyewe baada ya kukaa nayo muda mrefu na kuipenda. Qur'ani inatuambia katika Suratul Hadid kwamba tusihuzunike kwa kilichotupotea wala tusijitape kwa tulichopewa, na kwa miaka mingi niliusoma mwisho wa aya hiyo haraka. Kumbe kujitapa kwa kilichopo na kuhuzunikia kilichopotea hutoka mahali pamoja moyoni, na aliyeanza kulegeza moja tayari analegeza la pili.

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, kufuatana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwetu sisi wa dagaa ilikuwa miezi mitatu ya mikono mitupu. Sitaingia katika habari za njaa na mikopo, ingawa zilikuwepo na ziliwaumiza watu. Ninataka kueleza kilichoonekana ndani. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba nakosa muda wa zikri kwa sababu ya kazi. Kazi ilipokoma, nilikaa kwenye mkeka na muda wote mikononi mwangu, na moyo ukaendelea kuhesabu magunia ambayo hayapo. Uliuza na kununua mchana kutwa bila samaki hata mmoja. Hapo nikajua kwamba shughuli haikuwa ufuoni, na kwamba mtu akihamia pangoni angeyakuta magunia yale yale yamemtangulia.

Katika miezi hiyo ndipo nilipoufahamu mfano mmoja ambao Bibi alikuwa ameutoa zamani na mimi nikaupita. Kila anayeishi Kigoma anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki wakazikusanyikia, wavu ukawazunguka. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika, kwa sababu taa hazivuti tena. Hakuna aliyezizima wala kuzivunja. Zinawaka kama jana, lakini nuru imetanda juu ya maji yote na samaki wamesambaa ndani yake. Bibi alisema vinavyotushika ni taa hizo, na kwamba tusihangaike kuzivunja moja moja, kwa kuwa ukivunja hii utaikuta nyingine imewashwa. Tukae na jina la Mwenyezi Mungu mpaka mwezi uchomoze. Siku ile nilidhani anatupunguzia kazi. Katika miezi ya mikono mitupu niliona kwamba kukaa na jina hilo, bila kutafuta lolote, bila hata kutafuta kupunguziwa shida, ni kazi nzito kuliko kufunga na kuacha nyama.

Hapa lazima niseme neno juu ya wale wanaochukua habari za kuiacha dunia kuwa ruhusa ya kuwatupa wanaowategemea. Nimewaona, na nimeona watoto wao. Imamu Ghazali, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa akifundisha Baghdad na kusikilizwa na mamia ya wanafunzi, aliacha kiti chake mwaka 1095 baada ya kugundua kwamba nia yake katika kufundisha ilikuwa imechanganyika na kupenda cheo na sifa. Yeye mwenyewe ameeleza jinsi ulimi wake ulivyofungika darasani akashindwa kutamka. Aligawa mali yake akaenda Sham, upande wa Syria ya leo. Wengi husimulia mpaka hapo. Lakini ameeleza pia kwamba alibakisha kiasi cha kuwatosha watoto wake, na baada ya miaka kadhaa ya upweke alirudi kufundisha kabla ya kufariki mwaka 1111. Mtu aliyeacha cheo kilichotamaniwa na ulimwengu mzima wa wakati ule hakuona kwamba chakula cha watoto ni katika vitu vya kuachwa. Mimi naliona hilo kuwa sehemu ya tasawufi yake, wala si udhaifu uliobaki ndani yake.

Sasa nafika kwa mwanangu, na hapa nitakwenda polepole.

Alivuka ziwa kwenda Kalemie kufanya biashara, kama vijana wengi wa kwetu wanavyovuka, kisha akaingia ndani zaidi, na kwa sababu ya hali ya mashariki ya Kongo habari zake zikawa za kubahatisha. Wakati mwingine alipiga simu, wakati mwingine miezi ilipita kimya. Huyu ndiye aliyekuwa akinijia kwenye swala kuliko wote, na nilipoanza kumtaja usiku, sikuweza kumpitisha katika kukanusha kama nilivyopitisha bei ya dagaa. Nilihisi kwamba nikisema hapana ninamsukuma majini. Nilimwendea Bibi nikamwambia kwamba kama kumfikia Mwenyezi Mungu kunataka nimwachie mwanangu, basi mimi nitabaki mlangoni.

Hakukasirika. Aliniuliza habari za Nabii Yakubu. Nikamsimulia ninavyojua: kwamba alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na watoto wake walipomlaumu, aliwajibu kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu peke yake. Bibi akasema, "Basi, mwanangu, huyo ni nabii, na alilia hata akapofuka. Nani amekwambia usilie?" Kisha akanionyesha kwamba Yakubu hakuacha kumpenda Yusuf, wala huzuni yake haikupungua kwa kuwa ni nabii, ila aliipeleka kwa Mwenyewe, hakuigeuza kuwa madai juu ya watu wala ugomvi juu ya Mola wake. Nikatoka pale nikiwa sijapata jibu kamili, lakini nimeondolewa mzigo ambao hakuna aliyenitwika isipokuwa mimi.

Dua yangu ilikuwa nirudishie mwanangu. Niliisema hivyo kwa muda mrefu sana, na ndani yake kulikuwa na masharti niliyokuwa nikimwekea Mwenyezi Mungu: arudi, arudi mzima, arudi upesi, akae karibu nami, anizike. Nilipokuwa nikiendelea na zikri nilianza kuona masharti hayo yakidondoka yenyewe, lile la mwisho kwanza. Baadaye nikajikuta ninasema mlinde alipo. Na kuna alfajiri nilipokuwa nimeketi baada ya swala, nikataka kuomba kama kawaida, na ombi halikuja kabisa. Lililokuja ni kwamba Aliye karibu nami kuliko mshipa wa shingo yangu, kama inavyosema Suratu Qaf, ndiye huyo huyo aliye karibu na mwanangu kuliko mshipa wa shingo yake, wakati ule ule, bila ziwa katikati. Mimi na mwanangu tulikuwa tumekutana kwa Mmoja ambaye hagawanyiki. Mapenzi yangu kwake hayakupungua hata chembe. Yaliongezeka, kwa kuwa hofu iliyokuwa imeyabana ilikuwa imeondoka.

Ni alfajiri hiyo ninayoifikiria watu wanaponiuliza juu ya umoja na Mwenyezi Mungu, na ninajua kwamba neno hilo huwashtua wengine, na wana haki ya kushtuka. Mja hawi Mola. Tone la mwanadamu halimwongezei wala halimpunguzii Aliyeumba. Lakini Hadithi Kudusi, yaani maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyosimuliwa na Mtume, iliyopokewa na Bukhari inasema kwamba mja huendelea kujikurubisha kwa ibada za sunna mpaka Mwenyezi Mungu ampende, na akimpenda huwa ndiye sikio lake analosikilizia na jicho lake analoonea na mkono wake anaoshikia. Hayo ni maneno makubwa, na wenye elimu wameyaeleza kwa tahadhari. Junaid wa Baghdad, aliyeishi katika karne ya tatu ya Hijria, alifundisha kwamba mja hupotea katika kumwona Mola wake, kisha hurudishwa akiwa na akili zake, ili awatumikie viumbe, na kwamba kurudi huko ndiko ukamilifu. Mimi niliyeonja kidogo tu nashuhudia kwamba kilichotoweka kwa muda ule hakikuwa mwili wangu wala akili yangu, bali yule mimi aliyekuwa akisimama katikati akidai. Alipoondoka, hapakuwa na utengano wa kulalamikia. Hali ilipopita nikaenda kugeuza dagaa.

Baada ya hapo nilikumbana na kifungo ambacho sikukitarajia. Niliitaka alfajiri ile tena. Nilikaa mahali pale pale, kwa mkeka ule ule, nikasoma uradi ule ule kwa sauti ile ile, nikingoja. Wanawake wenzangu walikuwa wameanza kunisikiliza zaidi katika halaka, yaani mkusanyiko wetu wa uradi, na wengine walinifuata kuniuliza mambo yao, jambo ambalo lilinipendeza. Utamu ukakatika. Zikri ikawa kavu, ulimi unatamka na moyo uko baridi. Nilipomweleza Bibi, ambaye sasa alikuwa kitandani, alisema maneno niliyoyashika kuliko yote aliyowahi kuniambia: kwamba mwanzo nilikuwa nimeshikwa na alivyonipa Mwenyezi Mungu kwa mkono huu wa dunia, na sasa nimeshikwa na alivyonipa kwa mkono ule mwingine, na kwamba vyote viwili ni zawadi, wala si Mtoaji. Akaniagiza niendelee na uradi uwe mtamu au uwe mkavu, na nisiangalie.

Nina hakika kwamba hili ndilo linalowakwaza watu wengi wa ibada, kuliko mali na kuliko watoto. Mali inajulikana kwa kila mtu kuwa ni mali, na mwenye kuipenda sana hukemewa hata na watoto wadogo. Lakini anayependa hali zake za kiroho husifiwa. Huitwa mcha Mungu. Hukaribishwa mbele. Na anaweza kuishi na kufa akiabudu ladha yake mwenyewe ya ibada, akidhani anamwabudu Aliyemwumba. Bibi Rabia wa Basra, aliyeishi katika karne ya pili ya Hijria, anakumbukwa kwa kufundisha kwamba mja asimwabudu Mola wake kwa kuogopa moto wala kwa kutamani pepo, bali kwa ajili yake Yeye. Nilikuwa nikiyasikia hayo tangu chuoni na kuyaona ni mafunzo ya mawalii wa zamani, yasiyonihusu. Ukavu wa zikri ndio ulionifikisha karibu nayo. Anayeendelea kumtaja Mwenyezi Mungu pasipo kulipwa hata kwa utamu wa kumtaja, anabaki na sababu moja tu ya kumtaja, nayo ni kwamba Yeye anastahili kutajwa.

Bibi alifariki akiwa hajaacha kitu cha kugombewa isipokuwa tasbihi na mkeka. Halaka tunaendelea nayo. Tumekubaliana kwamba kiongozi wa uradi abadilike kila wiki, na anayeshindwa kutamka vizuri aongoze vile vile, ili asiwepo anayekizoea kiti. Sehemu ya kuanikia sasa ninakodi juu kidogo, mbali na maji, na dagaa wanapokuwa wazuri ninafurahi, na wanaponyeshewa ninasikitika, kisha swala inapofika ninayaacha yote mawili nje kadiri ninavyojaliwa. Kuna siku hayakubali kubaki nje. Usiku wake ninayataja.

Mwanangu alipiga simu kabla ya Ramadhani iliyopita, akasema yu mzima na ameoa. Tangu hapo kimya. Simu ikilia nikiwa katika uradi, siikatizi tasbihi. Nikimaliza huiangalia kwa haraka, kwa pupa ya mama, na namba isipokuwa yake huwapigia wateja wa Tabora waliokuwa wakinitafuta kuniuliza bei ya dagaa.